Babu Alipelekwa Bama, Mjukuu Anaulizwa Yeye ni Nani



Kuna kijana wa mtaani kwetu huku Likoni. Tumekua pamoja, tumecheza mpira mchangani hadi adhana ya magharibi ikituita. Alipotimia miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho kama Mkenya yeyote. Wenzake wa darasa walijaza fomu, wakachukuliwa alama za vidole, wakaambiwa wasubiri. Yeye aliitwa kando. Majina yake matatu yote ni ya Kiislamu, na hilo pekee lilitosha. Alete kitambulisho cha baba. Alete cha mama. Alete cheti cha kuzaliwa cha baba. Kisha aje siku nyingine akakaguliwe. Mwisho akaulizwa lile swali ambalo wengi wenu mnalijua: "Babu yako alitoka wapi?"

Alirudi nyumbani, akapanda kiti, akashusha kibati cha biskuti kilichokaa juu ya kabati tangu hatujazaliwa. Ndani mlikuwa na nishani moja yenye utepe uliopauka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya babu yake ya kuachishwa jeshi, ya mwaka 1946. Imeandikwa jina lake, jina la baba yake, nambari yake ya jeshi, mahali alipozaliwa, urefu wake, mpaka kovu lililokuwa mguuni. Kijana akaona, alhamdulillah, nimepata ushahidi. Serikali yenyewe ndiyo iliyoandika.

Ofisa aliigeuza mbele na nyuma, akamrudishia. "Hii haitusaidii."

Leo nataka tuzungumze habari za mzee huyo mwenye karatasi. Jina lake silitaji, jamaa zake wangali hai na hawakuniomba niwatangaze. Lakini ukiwa umekulia pwani hii, yamkini unamjua mwingine kama yeye.

Sisi tulimjua kama mzee wa nyavu. Kila baada ya swala ya alasiri alikaa chini ya mkungu, karibu na maji, sindano ya nyavu mkononi, akishona matundu ya nyavu za watu. Vijana walioleta nyavu walimlipa pesa kidogo au samaki. Alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa mpira. Hakuwa mtu wa kujisifu. Ukimuuliza habari za vita, aghalabu alikujibu kwa sentensi moja kisha akainamia kazi yake. "Bama kuna mvua," alisema siku moja. "Hii ya huku ni mchezo."

Bama ni Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi. Wazee wote wa Keya waliiita Bama.

Keya nayo ni KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902. Katika Vita vya Pili vya Dunia, watu karibu 98,000 kutoka Kenya waliingizwa jeshini. Wengine walijiandikisha kwa ajili ya mshahara, kwa sababu kodi ilikuwa inadaiwa na kazi hakuna. Wengine machifu walitakiwa watoe watu, wakawatoa. Mzee wetu alikuwa dereva wa lori. Alipandia meli hapo Kilindini, ng'ambo tu ya maji kutoka mahali alipokuja kushonea nyavu uzeeni, akapelekwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kisha Bama.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisukumwa ndani ya Bonde la Kabaw wakati wa masika, kuwafukuza Wajapani. Matope yalimeza magari. Malaria iliua bila kufyatua risasi. Mwezi wa Desemba wakaufikia mji wa Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo ni moja ya mahali majeshi ya Waingereza yalipovukia kwenda kuikomboa nchi. Vitabu vya vita vinawataja majenerali. Barabara ile ilishikwa na watoto wa Afrika Mashariki, na miongoni mwao walikuwamo watu waliofunga Ramadhani na kuswali msituni.

Na kuna waliokuwa hawakufika. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini kwenda Colombo. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Wajapani ikaipiga. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa watu karibu 1,300, na zaidi ya nusu walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kina mama walioachwa huku hawakuzika mtu. Ni wangapi kati yenu mlifundishwa habari hiyo shuleni? Mimi sikufundishwa, na kutoka darasani kwetu Kilindini ilionekana dirishani.

Basi mzee akarudi mwaka 1946. Tuseme habari ya malipo yake, maana hapa ndipo dhulma ilipoandikwa kwa wino.

Mwaka 2019 zilitolewa hadharani kumbukumbu za serikali ya Uingereza zinazoonyesha jinsi askari walivyolipwa kiinua mgongo baada ya vita. Kipimo hakikuwa cheo peke yake. Kilikuwa rangi. Askari mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyeishi katika makoloni haya alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Mwafrika wa cheo kile kile alihesabiwa shilingi 3 na senti 50.

Hebu tupige hesabu. Mtu ametumikia miaka mitano, yaani miezi 60. Mzungu anaondoka na shilingi 600. Mwafrika anaondoka na shilingi 210. Risasi ni ile ile, malaria ni ile ile, bahari ni ile ile.

Sisi tuna sura nzima katika Qur'ani inayowaonya wanaopunja vipimo, wanaotaka wapimiwe kikamilifu na wao wakipima wanapunguza. Na Mtume wetu (SAW) alituagiza tumlipe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mzee huyu lilikauka, likakauka na kaburi lake, na deni bado liko.

Ardhi nayo? Baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, wanajeshi wa kizungu waligawiwa mashamba katika nyanda za juu za Kenya. Baada ya vita vya pili mpango mwingine kama huo ukafuata. Askari mweusi alipewa nauli ya kurudi kwao. Na huku pwani "kwao" kulikuwa kumeshachukuliwa kwa karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu waje wadai ardhi zao na kuziandikisha. Ambaye hakujua, au hakuwa na karatasi, ardhi yake ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Ndiyo maana mpaka leo utamkuta mtu amezaliwa mahali, baba yake amezikwa hapo, na anaitwa skwota.

Mzee wa nyavu alikufa skwota. Nyumba yake ya udongo na makuti ilikuwa kwenye kiwanja ambacho mwenyewe, kwa mujibu wa karatasi, ni mtu ambaye mtaani hakuna aliyewahi kumwona. Mara mbili alipelekewa barua ya kuhama. Mara mbili wazee wa mtaa wakaenda kumwombea. Mtu aliyevushwa bahari kwenda kulinda ardhi ya mfalme hakuwa na futi hata kumi za ardhi yake mwenyewe, ila zile sita alizozikwa.

Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, gari lilikuja kumchukua. Alivaa kanzu na koti, akabandika nishani yake, akapelekwa akasimame juani wakati bugi linapulizwa. Alirudi na chakula kwenye karatasi na nauli ya matatu. Miaka yake ya mwisho aliacha kwenda. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia, "Yuwaja mtu kunihesabu, baba. Aniona niko, aenda zake."

Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Sasa naelewa.

Ukipita Jomo Kenyatta Avenue hapo Mombasa utaona sanamu za askari weusi, ukumbusho wa Waafrika waliotumikia katika vita vya kwanza. Wengi tunapitia hapo tukikimbilia matatu. Siku moja simama utafute majina. Hakuna. Hakuna jina hata moja la mtu. Ule ni ukumbusho wa askari na wapagazi wote kwa jumla, wale wapagazi wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na kuhara, migongo imebeba mizigo ya jeshi.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti juu ya nafsi yake. Ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wazungu walikumbukwa kila mmoja kwa jina lake. Weusi walihesabiwa kama kundi. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Radhi tumeisikia. Lakini radhi haina jina la mtu ndani yake, na haikufika Likoni.

Sasa najua kuna ndugu atakayeandika hapo chini: "Akhi, kwani huyu si alikuwa askari wa mkoloni? Kwa nini Waislamu tumlilie?"

Swali ni la haki, na silikimbii. Keya hiyo hiyo ndiyo iliyotumwa mwaka 1914 kuwapiga Wagiriama, baada ya Mekatilili wa Menza kuwaapisha watu wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi za Mwingereza. Waliochomewa nyumba ni jirani zetu na wake zetu na mama zetu. Tena katika vita vya kwanza kulikuwa na Waislamu huku kwa Mwingereza na Waislamu kule kwa Mjerumani, wote wakiswali kibla kimoja na kupigana risasi. Sisemi mzee alikuwa shujaa. Mwenyewe hakusema hivyo.

Ninachosema ni hiki: haki ya mtu haitegemei kama unampenda aliyemwajiri. Aliyechukuliwa akafanyishwa kazi ana ujira wake. Aliyekufa ana jina lake. Aliyezaliwa hapa ana nchi yake. Tukianza kuchagua nani katika wazee wetu anastahili haki na nani hastahili, tutakuwa tunafanya kazi ile ile ya yule ofisa, ya kumwita mtu kando.

Pia tukumbuke, wale wa Bama walirudi na macho yaliyofunguka. Walimwona mzungu akilia, akiogopa, akifa kama watu wote. Waruhiu Itote alikuwa askari wa Keya huko Bama kabla hajawa Jenerali China wa msituni. Kila mmoja alirudi na lake. Mzee wetu alirudi akashona nyavu.

Turudi kwa kijana na karatasi yake, maana kwangu mimi hapo ndipo penye jambo.

Serikali ilipotaka babu yake afe kwa ajili yake, ilimjua vizuri sana. Ilijua jina lake na la baba yake. Ilimpima urefu. Ilihesabu makovu yake. Ilimpa nambari. Haikumwambia "lete cheti cha kuzaliwa cha baba yako." Haikumweka kando imkague kama ni wa hapa au wa kuja. Miaka sitini na kitu baadaye, serikali iliyorithi ofisi zile zile na makabati yale yale inamwambia mjukuu kwamba haimjui.

Na si yeye tu. Watazameni ndugu zetu Wanubi. Babu zao waliletwa kutoka Sudan kama askari, wakawa Keya, na mwaka 1904 ardhi ya Kibera ikatengwa kuwa ya jeshi, wakakaa hapo. Wajukuu wao, raia kwa kila hali, wamesumbuliwa vitambulisho vizazi na vizazi. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi katika jambo la uraia. Mwaka 2017 ndipo walipopewa hatimiliki ya ekari 288 za Kibera. Zaidi ya miaka mia moja! Lakini waliipata kwa sababu hawakunyamaza, na walikuwa na karatasi.

Februari 2025, Rais alitangaza huko Wajir kwamba ule ukaguzi wa ziada wa vitambulisho umefutwa. Tunashukuru. Lakini tangazo ni kitu kimoja na meza ya ofisa ni kitu kingine. Kijana akiambiwa leo "keti pale kando," yeye ndiye anayejua kama umefutwa.

Basi tufanye nini? Mimi nina mambo manne.

La kwanza, tafuteni vibati vya biskuti. Katika nyumba za mabibi zetu kuna karatasi za jeshi, nishani, risiti za kodi, vipande vya zamani, barua za bandarini. Watu wanazichoma wakihama au wanawapa watoto wachezee. Msizichome. Zipige picha, ziweke mahali pakavu, mwenzio naye awe na nakala. Karatasi iliyokataliwa leo na ofisa mmoja, kesho itakubaliwa na jaji.

La pili, kaeni na wazee. Wale wa Bama karibu wote wamekwisha, lakini wajane na watoto wao wako, nao wanakumbuka. Simu unayo mkononi. Mnunulie bibi kahawa na mahamri, bonyeza kurekodi, muulize babu alirudi lini, alilipwa nini, alikaa wapi, nani alitaka kumfukuza. Msidhani ni porojo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Kesi ile ilisimama juu ya mambo mawili: wazee waliokubali kusema, na mafaili yaliyokuwa yamefichwa Uingereza yakafichuliwa. Ushahidi wa mdomo na wa karatasi, basi.

La tatu, ukiitwa kando, usiondoke kimya. Uliza unakataliwa kwa sheria gani. Andika tarehe, ofisi, na maneno uliyoambiwa. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali. Tuletee sisi na mashirika mengine ya haki. Malalamiko ya mtu mmoja huitwa kelele. Ya watu mia tano yenye tarehe huitwa kesi.

La nne, tudai majina. Kama sanamu zimesimama mjini kwetu, basi na majina ya watu wetu yaandikwe: walioondoka Kilindini wakarudi, na walioondoka wasirudi. Uingereza imeshakiri. Serikali ya kaunti na misikiti yetu ikusanye orodha. Hata kama tutapata majina hamsini tu mwaka wa kwanza, ni hamsini zaidi ya sufuri iliyoko sasa.

Kuna kisa kinachosimuliwa kutoka Mwanza, mwaka 1964. Serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliokuwa askari wake katika vita vya kwanza. Walikuja mamia, lakini wachache tu ndio waliokuwa na hati. Yule aliyeleta pesa, akikosa la kufanya, inasemekana aliwapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani: bunduki begani! Na wazee wale, miaka karibu hamsini baadaye, wakafanya sawasawa. Wakalipwa.

Nikikisikia kisa hicho huwa nacheka, kisha nahuzunika. Mzee wa nyavu hakupewa hata ufagio. Na mjukuu wake amepewa mtihani ambao hakuna babu angeweza kumfundisha kuufaulu: thibitisha kwamba wewe ni wa hapa, mahali ambapo hujawahi kutoka.

Yule kijana alipata kitambulisho chake baada ya miezi kumi na moja, alipokwenda na wazee watano na wakili. Karatasi ya babu yake aliirudisha ndani ya kibati. Wakati ule tayari alikuwa amekosa nafasi mbili za kazi bandarini, pale pale Kilindini.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu, awarehemu waliolala chini ya bahari bila kaburi, na atupe sisi nguvu ya kudai kwa njia ya halali kile walichonyimwa. Amin.

Kama kwenu kuna kibati, tuandikie. Usitaje jina mpaka familia ikubali. Anza tu kwa kuniambia: babu yako alirudi na nini?